Gombe: sikuenda kutafuta sokwe, nilienda kutembea

Jamani mi nimezaliwa Kigoma na nakaa Mwanga hapa hapa Kigoma mpaka leo, ziwa Tanganyika naliona kila nikishuka mjini, lakini hifadhi ya Gombe nilikua sijawahi kukanyaga mpaka mwezi wa pili mwaka huu. Na najua tupo wengi. Ukimuuliza mtu wa hapa habari za Gombe anakwambia aah kule kwa wazungu bwana, kule kwenye sokwe, basi yameisha. Naandika hii kwa ajili ya huyo mtu, maana nimeenda na nimerudi na kwakweli nimejiuliza miaka yote hii nilikua nasubiri nini.

Safari yenyewe ilikua ya shangazi yangu. Anakaa Tabora, mwalimu mstaafu, mume wake alifariki mwaka jana na alipomaliza eda wanae wakaona aje kwangu apumzike kidogo. Kafika na treni kachoka, nikampokea stesheni, nikampeleka nyumbani. Sasa nyumbani kwangu kuna watoto watatu, kuna jirani ana banda la kuonyesha mpira, na kuna majirani wema sana ambao kila anayepita lazima aingie kumpa pole. Siku ya tatu shangazi akaniita jikoni akaniambia taratibu, mwanangu, hapa kwenu hakuna sehemu ya kutembea tu, pasiwe na mtu wa kunipa pole? Ilinichoma ile. Nikafikiria kumpeleka ufukweni wa hapa karibu ila wikiendi kunakua na mziki. Nikafikiria Ujiji, kwenye ule mwembe na makumbusho ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871, lakini Ujiji ni mji, watu kibao. Mume wangu ndo akasema si umpeleke Gombe.

Gombe ipo kaskazini ya mji kama kilometa 16 hivi, gari hakuna, ni kwa maji tu. Boti za abiria zinaondokea Kibirizi, zile za mbao za mashine, zinazobeba watu wa vijiji vya huko juu mpaka Mwamgongo na mizigo yao, magunia ya unga, mabati, makreti ya soda, kuku. Nauli siandiki maana inapanda na kushuka na mafuta ila mtu wa kawaida anaimudu. Ukitaka raha zaidi unakodi boti nzima, hiyo ni hela nyingi, labda mkiwa kundi.

Hapa ndo naanza na lawama nizimalize. Boti tuliyopanda, sitaji ya nani, tuliambiwa inaondoka saa sita mchana. Tukafika saa tano na nusu na mzee wa watu. Imeondoka saa nane na nusu. Masaa matatu juani tumekalia magunia tunaambiwa sa hivi sa hivi, kumbe wanasubiri ijae, na ilipojaa bado wakaongeza watu. Maboya ya kuvaa niliyahesabu kwa macho yangu, sita, na sisi tulikua zaidi ya thelathini. Nikamuomba kijana wa boti moja nimvalishe shangazi, akanijibu mama usiogope ziwa limetulia. Hilo sio jibu. Ziwa hili sisi wa hapa tunalijua, linatulia asubuhi mchana linageuka, na chini hapo sio mchezo, kina chake kinafika mita 1,470, duniani nzima linazidiwa na ziwa moja tu ambalo lipo Urusi, Baikal. Nilisimama mpaka nikapewa boya. Na kabla ya hapo mwaloni kuna mtu alijitia ni wakala wa boti akataka tumpe hela ya kutuandikisha, hakuna kitu kama hicho, nauli unalipa ndani ya boti.

Lawama zimeisha. Kuanzia hapo nazungumzia kingine kabisa.

Boti ikishaacha Kibirizi inatembea sambamba na nchi kavu, mlima upo kulia muda wote. Na mlima huo umechoka jamani, vilima vyekundu, mihogo imepandwa mpaka kwenye ukuta wa mlima ambapo hata mbuzi anateleza, miti ya kuhesabu. Shangazi akawa anaangalia tu. Alafu baada ya muda mrefu unaona mstari, yani mstari kabisa kama umepigwa rula, huku kipara huku msitu mzito wa kijani unashuka mpaka kwenye maji. Nikauliza abiria mwenzangu hapo ni wapi, akasema hapo ndo Gombe imeanza. Hakuna ukuta wala waya, ila unaona mpaka kwa macho. Shangazi akasema maneno ya kwanza toka tumeondoka, akasema kumbe milima yote ilikua hivi zamani. Baadae nikaja kuambiwa kwamba hata hivyo vijiji vya jirani toka 1994 kuna mradi wa kupanda miti na kutunza vyanzo vya maji unaoitwa TACARE, ulianzishwa na taasisi ya Jane Goodall, yule mama mtafiti wa sokwe, na kuna sehemu kweli miti imeanza kurudi kwenye mabonde.

Tukashushwa Kasekela, ndo kituo cha hifadhi chenyewe, jioni saa kumi na moja na nusu. Unashuka unaingia kwenye maji mpaka kwenye ugoko, mzigo begani. Alafu boti ikaondoka, ule mlio wa mashine ukaenda ukaenda ukapotea, na hapo ndo nikasikia kimya. Sijui nikielezeeje. Mtu wa Mwanga kimya hukijui. Ni maji yanapiga kokoto na ndege basi.

Tulilala nyumba za hifadhi pale pale karibu na maji. Chumba cha kawaida, kitanda, neti, safi. Madirisha yana nondo na waya na mwanzo nilidhani ni kwa ajili ya wezi, kumbe ni nyani. Nyani wa pale wanashinda ufukweni kama watu, wanapita na watoto mgongoni wanakuangalia. Unaambiwa mlango usiache wazi na chakula usile nje. Mimi niliambiwa na bado nilikaa kizingitini na mfuko wa maandazi kwa dakika moja tu, akaja dume moja kubwa hata halikukimbia, limetembea taratibu likachukua mfuko mkononi mwangu likaondoka. Sikupiga kelele, sauti iligoma kutoka. Kwahiyo wakikwambia usile nje usile nje.

Jioni ile shangazi akatandika kanga yake kwenye mchanga akaswali magharibi. Jua lilikua ndo limetoka kuzama upande wa Kongo na ile milima ya kule ng'ambo ilikua inaonekana vizuri kabisa, mvua ilikua imenyesha jana yake ikasafisha hewa, mtu akija kiangazi sana mwezi wa nane wa tisa mapori yakichomwa kuna moshi ng'ambo haionekani hivyo. Alipomaliza kuswali hakuinuka. Alikaa pale na tasbihi mpaka giza limeingia na mimi nikakaa mbali kidogo. Usiku ukaja na taa za wavuvi wa dagaa, nyingi, zimejipanga huko katikati ya maji kama mji mwingine umewashwa ziwani. Shangazi akauliza kule ni wapi, nikamwambia hapana shangazi ni maji yale, ni watu wanavua, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi kwasababu dagaa hafuati taa. Nilimuelezea na mwaka 2024 serikali ilivyofunga uvuvi ziwa zima kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, na sisi wamama tulivyohangaika na mboga hiyo miezi mitatu. Akacheka. Ndo mara ya kwanza kumsikia anacheka toka msiba.

Sasa matembezi yenyewe. Msituni huingii bila mtu wa hifadhi wa kukuongoza, na sisi tulipewa kaka mmoja wa makamo, asubuhi saa mbili kaja, shikamoo mama, mwakeye, hapo hapo nikajua ni Muha mwenzangu. Akauliza mnataka kufuata sokwe? Nikamwambia hapana kaka, huyu mama anataka kutembea taratibu tu na mahali pa kukaa. Wala hakushangaa. Akasema basi twendeni Kakombe, kwenye maporomoko, akaenda akamkatia shangazi fimbo.

Njia ya Kakombe inafuata bonde la mto, sio ndefu, kijana anaenda na kurudi mapema tu, sisi tulitumia asubuhi nzima na ndo ilikua raha yake. Unaanza kwenye michikichi, unaingia kwenye miti mikubwa, jua linabaki juu huko chini ni kivuli kibichi na harufu ya majani yaliyolowa. Kuna mizizi imekatiza njia na baada ya mvua udongo unateleza kama sabuni, shangazi alikua anashika fimbo mkono huu na mkono wa yule kaka mkono huu. Kila baada ya hatua kama hamsini tunasimama. Na yule kaka hakuwahi hata mara moja kuangalia saa. Hicho kitu nakisema kwa herufi kubwa, HAKUANGALIA SAA. Akisimama anaonyesha kitu kimoja anakaa kimya.

Kuna sehemu akatuonyesha kichuguu. Kwenye kichuguu kuna vijiti vya majani vimelala, vimetafunwa ncha. Akasema hivi ni vyao, wanachomeka ndani ya tundu mchwa wanang'ata wanavuta wanakula. Akasema hiki kijiti ndo kilimpa sifa Jane Goodall, alifika hapa mwezi wa saba 1960 binti wa miaka 26, mama yake kamsindikiza, na mwaka ule ule akaona sokwe anatengeneza kifaa chake mwenyewe wakati dunia nzima ilikua inajua ni binadamu tu ndo anatengeneza vifaa. Shangazi akainama akakiangalia kile kijiti kwa muda mrefu, mwalimu ni mwalimu, akamuuliza yule kaka maswali mengi kuliko niliyomsikia anaongea wiki nzima. Yule mama Goodall alifariki Oktoba 2025 ana miaka 91, na ukiongea na wafanyakazi wa pale unaona kabisa bado wanamuongelea kama mtu wa nyumbani kwao.

Mbele kidogo tukasikia ukelele kutoka juu ya bonde. Unaanza chini huu, huu, huu, unapanda, wanaitikiana wengi mpaka nywele zinasimama. Shangazi akanishika mkono akauliza ni watu wale? Kaka akasema ni sokwe, wapo mbali, wanaitana kwenye matunda. Tukasimama mpaka wakanyamaza. Hatukuwaona na hatukuwafuata. Tulichoona ni mbega wekundu juu ya miti wanatuchungulia, na vipepeo, mamia, kwenye tope la pembeni ya mto.

Alafu maporomoko. Unayasikia kabla hujayaona, na kabla ya kuyaona unasikia baridi usoni, upepo wenye maji. Ukishapinda kona ya mwisho unaona yanashuka kwenye ukuta wa mwamba, kama mita 25, membamba meupe, na majani yote ya pembeni yanatikisika muda wote kwa ule upepo wake. Yule kaka akatuambia kwa sauti ya chini kwamba sokwe madume wakifika hapa kuna siku wanacheza, wanabembea kwenye kamba za miti ya porini, wanarusha mawe kwenye maji, alafu wanakaa wanayaangalia tu, na wataalamu mpaka leo wanabishana wanafanya vile kwanini. Shangazi hakujibu. Alivua viatu, akatafuta jiwe, akakaa. Akachota maji akatawadha, akabaki amekaa. Tulikaa pale karibu saa nzima watu watatu hakuna anayeongea na hakuna aliyeona vibaya. Mimi nilivuta simu nipige picha nikairudisha kwenye mkoba.

Mchana tukarudi chini tukala. Migebuka tulitoka nayo Kibirizi tumeikaanga tayari, tukapashiwa na wali na mawese kidogo, ndani, mlango umefungwa. Jioni tukatembea ufukweni upande wa kaskazini, na hapa ndo naona watu wengi wanapapita haraka. Ufukwe wenyewe siku hizi ni mwembamba, ziwa limepanda miaka ya karibuni, kuna sehemu unatembea juu ya kokoto maji yanakulamba miguu. Lakini simama kwenye mawe uangalie chini. Maji yale ni angavu kiasi kwamba unaona kivuli cha samaki kwenye mchanga. Wadogo wadogo, wengine wa mistari myeusi, wengine wa bluu, wengine wa njano, kila mmoja na jiwe lake, mwingine akisogea anafukuzwa. Wengi wao hawapo ziwa lingine lolote. Kaka akatuambia kuna aina ambazo mama anabeba mayai mdomoni, na watoto wakishatoka wakiona hatari wanarudi mdomoni mwa mama yao. Shangazi alichuchumaa pale mpaka kanga yake ikalowa pindo, anasubiri amuone mmoja afungue mdomo. Hakumuona. Akasema kesho asubuhi tutakuja tena kabla boti haijapita, na kweli tukaenda.

Kwa anayetaka kwenda, vitu vya kujua. Kwa boti za abiria huwezi kwenda na kurudi siku moja, unafika jioni na za kurudi zinapita asubuhi mapema, saa moja uwe umesimama ufukweni na mzigo, kwahiyo panga kulala usiku mmoja, mi nasema miwili. Beba kitambulisho cha NIDA, mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na malipo ni kwa kontrol namba sio keshi mkononi kwahiyo fanya mapema ukiwa mjini. Chakula beba chako. Viatu vya kukanyagia vizuri, ndala hapana, mtu mzima apate fimbo. Mwezi wa tano mpaka wa kumi njia ni kavu, mvua za mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne kunateleza ila msitu ni mzuri zaidi na hewa safi. Mkitaka kufuata sokwe ni kitu kingine, mtavaa barakoa na mtakaa mbali nao mita 10, mwenye mafua haendi kwasababu mafua yetu yanawaua, na watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Nimefurahi kwamba wanalisimamia hilo, hifadhi yenyewe ni ndogo, inazidi kidogo tu kilometa za mraba 50, wakiugua wale hakuna wa kuazima.

Kuhusu kupanda mlima kabisa, mgongo wa juu unafika kama mita 1500 wakati ziwa lipo kama 770, hapo mwenyewe piga hesabu ya magoti yako. Wapo wanaopanda mpaka kileleni alipokua anakaa Jane na darubini yake. Sisi hatukupanda na sijaona tumekosa.

Nyota nampa Gombe na yule kaka tano kamili. Usafiri mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu walinipa boya mwishoni. Wenye boti nawaomba kwa dhati, hayo maboya nunueni ya kutosha, mnabeba wazazi wa watu.

Shangazi karudi Tabora na treni wiki iliyofuata. Mwezi wa saba nampeleka mama yangu mzazi, yeye magoti yanamsumbua kwahiyo Kakombe tutaiacha, tutakaa kwenye yale mawe ya samaki, na nishamuambia mume wangu safari hii maboya mawili tunatoka nayo nyumbani.